Chuchumaa

Ukutani chumbani kwangu, Mabela,
kushoto kwa msala, kimo cha kiuno,
pana alama ya kiganja.
Ni changu. Miaka sita, kila rakaa,
niliuomba ukuta kwanza,
ndipo miguu ikafuata, shingo upande,
kama watoto walioamshwa kwenda skuli.

Sikuzaliwa hivi.
Msichana, niliupiga mpira wa wavu
ukavuka ua, ukatawanya kuku wa jirani.
Kisha nikapewa kiti.
Miaka ishirini na saba, idara ya stakabadhi,
uzito wangu mkubwa ulikuwa muhuri.
Nyumbani gari, kazini lifti,
dukani unapiga honi tu
kijana anakuletea mkate dirishani.
Nani atembee, na digrii arubaini na sita
zinakungoja nje ya mlango?

Hata siku ile mtungi wa maji uliponishinda,
ule mkubwa wa plastiki,
Shajahan akaunyanyua kwa mkono mmoja:
"Mama, pumzika."
Pumzika!
Nimepumzika tangu nina miaka ishirini na tatu.

Ghorofani, juu ya dobi, pana ukumbi wa wanawake.
Mwalimu ni Nekesa, mtoto wa Bungoma,
Kiswahili chake kinakata kona
ambazo changu cha Unguja hakizijui.
Akaniangalia juu mpaka chini.
"Chuchumaa, mama."

Neno hilo.
Sijalisikia tangu afe bibi Thuwaiba,
aliyechuchumaa jikoni akipuliza moto,
akahamia mbuzi, akakuna nazi mbili,
akainuka na kombe la chicha mikononi
bila kushika mlango, wala meza, wala mjukuu.
Miaka sabini na moja!
Mie tui langu la kopo.

Nikachuchumaa. Yaani, nilikusudia.
Nilifika nusu nikakwama,
magoti yakatatarika
kama jira kwenye mafuta ya moto.
Nekesa hakucheka. Akasogeza kiti nyuma yangu:
"Kaa. Simama. Kaa. Simama."
Kiti tena! Mla afya yangu,
leo ndiye anayenifundisha kusimama.
Mara tano. Nikaenda kutapika.
Hilali aliponiuliza, nikasema nilikuwa sokoni.

Kesho yake niliteremka ngazi kinyumenyume.
Keshokutwa pia.
Novemba nilipotea wiki tatu, kuna harusi,
kuna halua, kuna uvivu wenyewe hauna jina jingine.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema,
hawasemi kibaba kinavuja.
Kilo nne zilitoka. Mbili zilirudi
na mizigo yao, kama wageni wa Idi.

Mwezi wa pili tukapanda njia ya mawe ya Riyamu.
Nilikaa kila kona.
Mbuzi, huyu wa miguu minne,
akanipita, akageuka, akanitazama, akatafuna.
Sikumjibu. Pumzi nilikuwa naziwekea akiba.
Juu kabisa nikaiona Matrah yote,
nyeupe, ndogo, imelala chini ya miguu yangu,
na miguu ikitetemeka, lakini yangu.

Goti la kulia bado linalalamika usiku.
Sijaahidiwa jingine.

Jana, alasiri, rakaa ya tatu,
niliinuka kutoka sijida.
Nimeshafika katikati ya Alhamdu
ndipo nikajiuliza: mkono wa kushoto uko wapi?
Ulikuwa ubavuni, unaning'inia,
hauna kazi.
Mungu anisamehe swala ile,
niliimaliza nimebana kicheko kwenye meno.

Hilali anataka kupaka rangi chumba kabla ya Idi.
Kanunua ndoo mbili, kaziweka ukumbini.
Nimemwambia apake anavyopenda,
ila ukuta ule auache mwisho.
Na ndoo asizibebe.
Nitazipandisha mwenyewe.