Mlango wa Stoo

Muhindo alianza na alama moja ya makaa
nyuma ya mlango wa stoo, hotelini kwa Rwakaikara,
Kasese, barabara iendayo Kilembe.
Mstari mmoja, saa moja baada ya saa nne usiku.
Mshale, Jumapili nzima.
Duara, sikukuu.
Hakusema kitu. Alikuwa akikatakata vitunguu
nasi tukadhani ni hesabu za viazi.

Mimi kazi yangu sahani, na meza nne za uani.
Mshahara laki moja na ishirini,
ukitoka. Na ukitoka, hutoka umekatwa mkia:
glasi mbili, elfu nane (nilivunja moja),
sare, elfu kumi kila mwezi, sare ileile,
na chakula, yaani ukoko wa posho
tunaoula tumesimama, mlango wazi,
tumwone mteja akiinua kidole.

Na kile kisanduku cha bahshishi
kimefungwa mnyororo pale kaunta kama mbuzi wa mahari.
Ufunguo uko mfukoni mwa bosi.
Mgeni akitia noti, nasikia inavyotua,
laini, kama mtu anayevua viatu
asiwaamshe wenye nyumba.

Sheria ipo. Nimeisoma.
Masika wa mapokezi aliileta, imenyofoka jalada,
tukaisoma kwa taa ya friji, mlango wa friji umeshikiliwa kwa goti:
saa arobaini na nane kwa wiki;
zikizidi, kila saa ilipwe moja na nusu;
sikukuu, mara mbili.
Na kima cha chini, akasema Masika, ni elfu sita kwa mwezi,
kiliwekwa kabla hatujazaliwa
na hakijaota hata jino.
Elfu sita! Kilo mbili za sukari hazitimii.
Tulicheka mpaka friji ikaanza kulia.

Alhamisi moja alikuja afisa wa kazi wa wilaya.
Alikula ngege mzima, akamsifu mpishi,
akauliza kama tuna malalamiko,
bosi amesimama nyuma ya kiti chake anammiminia maji.
Tukasema hatuna.
Akaacha elfu tano. Mtu mwema.
Ikatua laini.

Siku ya Mashujaa tulilisha mashujaa sabini
tangu alfajiri hadi saa nane za usiku.
Muhindo akachora duara, akalijaza mistari,
makaa yakamvunjikia vidoleni.
Ndipo bosi alipouona mlango.
Hakugomba. Aliagiza rangi nyeupe, kopo moja,
ipakwe kesho.
(Bei ya kopo, bila shaka, ingetafutwa kwetu.)

Sijui nani alitamka kwanza. Labda hakutamka mtu.
Kambere wa getini alikuwa na bisibisi.
Bawaba tatu, skrubu kumi na mbili zenye kutu,
na ile ya mwisho ilikataa,
tukaing'oa na kipande chake cha fremu.

Mwenye boda alisema elfu tatu,
alipouona mzigo akasema tano.
"Mnaupeleka kwa fundi?"
"Ndiyo," nikasema.
Nilikaa nimeukumbatia, kitenge changu katikati
makaa yasifutike kifuani pangu.
Yalifutika kidogo. Wiki mbili za Februari
nilifika nazo kwenye blauzi.

Afisa alikuwa anakunywa chai.
Aliuegemeza mlango kabatini, akatafuta unapoanzia,
akahesabu kwa midomo bila sauti.
Alipofika Aprili aliweka kikombe chini.
"Alhamisi ile niliyokuja," akauliza, "ni ipi?"
Nikamwonyesha: mistari sita,
na kando yake tone la mafuta ya samaki wake.

Akanyamaza. Akafungua mtoto wa meza.
Sasa ameshika muhuri,
anauzunguka mlango wetu,
juu, ubavuni, karibu na tundu la kitasa,
anatafuta pa kuugonga.