Upindo

Binti Shemdoe wa chuo kikuu alikuja tena,
viatu vimejaa vumbi la Barabara ya Kumi na Tano,
kishikwambi kifuani kama kitoto kichanga.
Nikamwambia keti, usikanyage vitambaa,
hiyo bluu ni sare za watu.

Maswali arobaini na mawili.
Mtoto analala saa ngapi. Anakula mara ngapi.
Huota ndoto za kutisha: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku.
Nami nachagua, moja hadi tano,
kama mtu anayenunua vifungo.

Simbezi. Mimi ni fundi cherehani, najua kupima.
Miaka ishirini na sita nina futi shingoni,
nalijua bega lililozaliwa limeshuka
na bega lililoshushwa.
Lakini huyu Mwinjuma,
siku aliyoletwa na afisa ustawi wa jamii
na mfuko wa rambo na kandambili mbili za kushoto,
nilipomzungushia futi kiunoni
alisimama kama mlingoti wa mkonge, hapumui.
Alidhani namfunga.

Swali hilo halimo.

Halimo la mkate chini ya mto.
Niliwakuta siafu kabla sijaukuta mkate.
Sikuutoa. Nilileta kopo lenye mfuniko,
nikaliweka palepale: siafu hawajui kufungua.

Halimo la jina. Miezi mitatu aliniita "wewe fundi",
kisha "fundi",
kisha usiku mmoja umeme ulikatika
akaniita neno ambalo sitalisema hapa,
maana hakulirudia.

Wanauliza pia nani anakusaidia.
Andika: Mama Sekiete, lita moja ya maziwa, husema yamebaki.
Hayajabaki. Ana ng'ombe mmoja.
Andika Kihiyo wa baiskeli,
aliyemuundia yake kwa mabaki ya baiskeli tano,
kwa hiyo nusu ya Ngamiani inazunguka humo.
Mwanahawa hutoa elfu mbili, na maneno ya elfu kumi:
damu nzito kuliko maji, shoga, utakuja kulia.
Namjibu, mbona kila alfajiri
tunapanga foleni ya ndoo, hatupangi ya damu?

Swali la thelathini na moja:
unatarajia mtoto atakaa nawe muda gani?

Nikanyamaza. Cherehani nayo ikanyamaza.
Karatasi ya mahakama inasema miezi sita, kisha tutaona.
Nikaichukua kaptula yake ya shule, nikaigeuza,
nikamwonyesha upindo.
Inchi nne. Kwa mtoto wa miaka minane
inchi nne ni wazimu, kitambaa kinavimba, kinakaa vibaya.
Mwinjuma mwenyewe aliuliza, wa nini huu?
Nikamwambia, wa mwakani. Na wa mwaka unaofuata.
Akaushika kwa vidole viwili
kama anayekagua noti.

Binti Shemdoe hakubonyeza kitu.
"Sina pa kuliweka hili," akasema.
Nikampa penseli na karatasi ya kaki ya kukatia.

Mwezi wa tatu walisoma matokeo ofisi ya kata.
Watoto mia mbili na kumi na mmoja, asilimia, michoro.
Mwenyekiti alisinzia.
Ukurasa wa mwisho, dodoso jipya, mstari mmoja:
upindo wa nguo za mtoto, kwa inchi.
Watu wakacheka. Mimi nilitazama sakafu.

Mwinjuma hakuwepo. Mjomba wake alipatikana Muheza,
mtu mwema, nilimpima kwa macho.
Tukasaini. Baiskeli ikafungwa juu ya basi.
Kopo alilishika mwenyewe.

Juzi mjomba kapiga simu, sauti ya mtu mwenye haya:
fundi, kaptula imekuwa fupi,
huu upindo tunaufunguaje bila kuharibu?

Nikamwelekeza. Wembe mpya.
Anzia mshono wa ndani, kata mmoja tu,
vuta taratibu, uzi utakufuata.
Alama ya zamani itabaki kwenye kitambaa, haitoki kwa pasi.
Iache.