Usaili wa Mbegu

Kiwanja chetu cha Pongwe ni hatua kumi na nane
kwa kumi na moja, ukitoa choo na banda la kuku.
Chini ni jiwe la chokaa. Jembe likizama shubiri mbili
hulia kama kijiko kwenye sufuria tupu.

Mwezi ule kiwandani walitugawia barua badala ya mshahara.
Nikarudi na mbegu za dukani: kabichi, karoti, nyanya,
pakiti zenye picha zinazong'aa kuliko sisi.
Mwanatumu hakugomba. Alitandika jamvi, akaweka ungo,
akatoa za kwake: fundo la kanga lenye choroko,
chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa kunde,
soksi ya mtoto, mbaazi ndani.
"Leo," akasema, "tunaajiri."

Vuli ikipita Muheza isitusalimu, utafanyaje?

Kabichi alinyamaza. Nikataka kumsemea.
"Anayeulizwa ndiye ajibuye."
Mahindi akaja kifua mbele: Ugali ni mimi.
"Ni wewe, ukinyeshewa siku ile unayotoa ndevu.
Na usiponyeshewa?"
Mahindi akatazama miguu yake.
Mbaazi, kwa kinywa cha mke wangu, akasema taratibu:
Nitautafuta ufa wa jiwe, nipite.
Mwaka wa pili mtanikuta hapa hapa,
na nikikauka, nipikieni.

Nani atatulisha kabla hajazaa?

Kunde hana haya, alidakia:
Wiki ya nne chumeni majani.
Viazi vitamu naye akanyosha mkono, matembele yakining'inia.
Mnazi, nilimtaja mimi, aliambiwa asubiri nje;
miaka sita si jibu la njaa ya Alhamisi.

Nani atajitunza bila ghala?

Mimi, akasema muhogo. Ghala langu ni udongo.
Mkiwa na njaa nichimbeni, mkishiba niacheni,
ila msinisahau nikageuka kuni.
Hapo Mwanatumu akaacha mchezo.
"Wewe muhogo gani?"
Nikasema uko mchungu, unazaa sana, ngedere hawaugusi.
Akakunja pindo la kanga, akalikunjua.
Mwaka wa njaa ya utoto wake, kule Ubondei,
jirani yao Semhando hakungoja makopa yakauke.
Walimzika na mjukuu wake siku moja,
sufuria ikabaki jikoni, nusu, mtu hakuthubutu kuiosha.
Tukachukua kibandameno.
Ngedere nao wana tumbo, akasema, tutagawana.

Nyanya nilimwombea kama mdhamini mahakamani:
hashibishi, kweli, lakini ugali mkavu mwezi mzima?
Akafikiri. Akampa miche miwili
pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo.
"Kibarua," akasema. "Si mwajiriwa."

Februari jua lilikaa juu ya bati kama mdai.
Kunde tulishamvuna. Kibandameno alidondosha majani
kama mtu anayepunguza matumizi.
Mbaazi alisimama. Nyanya mmoja alikufa,
wa pili akatoa tatu, ndogo, tukazila kwa zamu.
Na katikati ya mistari, mchunga:
nilikuwa nikimpalilia tangu vuli,
namng'oa Jumatatu, Ijumaa amerudi,
hakuja na pakiti, wala hakukaa kwenye ungo.

Mwanatumu alimchuma kimya. Akamchemsha,
akamwaga maji ya kwanza, akamwaga ya pili, akatia tui.
Tukala ule uchungu, mtoto akakunja uso, akaongeza.

"Huyu naye alisailiwa lini?" nikauliza.
Alikuwa akikwangua chungu.
"Kesho," akasema, "upande wa banda la kuku
usitie jembe."