Miaka Thelathini na Moja ya Weupe

Kiwanda chetu hakikutengeneza karatasi ya barua.
Yetu ilikuwa ya kuvishwa nyaya,
ya kuviringwa tumboni mwa transfoma,
tabaka juu ya tabaka, ikilowa mafuta,
kazi yake moja: kuuambia umeme, hapa hupiti.

Miaka thelathini na moja nilisimama zamu ya usiku
nikiwinda doa.
Doa moja jeusi, dogo kama jicho la sisimizi,
chembe ya chuma, masizi, ukoko wa gome,
na umeme ungelipata tu, maana umeme
ni mwizi anayejua kila dirisha lililosahauliwa.
Roli nzima tuliirudisha kwenye pipa la rojo.
Kalervo, msimamizi wetu, alizoea kusema:
weupe si rangi, weupe ni mkataba.

Kisha kiwanda kikafungwa. Mto haukufungwa.
Uliendelea kupita chini ya daraja, hauna habari,
na bomba la moshi likabaki limesimama
kama mtu aliyesahau alichoinukia.

Jumatatu Inkeri, binti yangu, alinipigia simu:
Baba, njoo na ile roli uliyoificha kibandani.
Sikuificha. Niliiaga, ikakataa kuondoka.
Nikaipakata kwenye basi, kilomita tisini za theluji,
na abiria wakadhani nimebeba zulia.

Maabara yake haina kelele. Hilo lilinishtua kwanza.
Kazi isiyonguruma, utajuaje kama inaendelea?
Akanivisha miwani na koti lenye jina la mtu mwingine.
Akaichana karatasi yangu, akailoweka, akaisaga
hadi ikarudi kuwa nyuzi,
ule uji niliokuwa nikiunusa hata usingizini,
msonobari usiokumbuka tena kusimama.

Akatia piroli tone kwa tone,
kimiminika cha harufu ya kokwa zilizokaangwa
(usionje, Baba),
bika likiwa limekalishwa kwenye barafu.
Kisha kloridi ya chuma, manjano kama chai ya jana.
Subiri, akasema.

Kijani kidogo. Kijivu.
Halafu usiku ukaingia ndani ya bika.

Nilikunja ngumi mfukoni.
Yeye anaeleza: molekuli ndogo zinashikana mikono,
kila uzi unavikwa joho jembamba jeusi;
polima ikiachwa peke yake hupasuka
kama utando wa uji uliopoa,
na uzi ukiachwa peke yake ni bubu.
Nilisikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu madoa,
na hesabu ikanishinda, kwa kuwa doa lilikuwa moja
na ndilo lililokuwa karatasi.

Akachuja. Akaosha mara nne, maji yakatoka safi.
Akautandaza utando kwenye kioo ukauke,
nikaona pembe zimeanza kujikunja,
nikasema, hapana.
Sikujua nilichokuwa nakataa ila mikono ilijua:
kipande cha sufu chini, kipande cha sufu juu,
bamba la chuma, kisha uzito, kisha uvumilivu.
Usiikaushe kwa hasira.
Miezi saba zilikuwa zikimpasukia pembeni.
Hakuniambia. Nilimwona anaandika.

Kesho yake tulifunua.
Nyeusi, laini, inakunjika kama kitambaa cha msiba.
Akabana ncha moja kwenye betri,
ncha ya pili kwenye taa ndogo kuliko punje ya shayiri.
Giza.
Akakaza kibanio.
Giza.
Akacheka, akageuza taa, ilikuwa imepachikwa kinyume,
na kikawaka kitu chekundu, hafifu,
ambacho ingebidi ufunike kwa kiganja ili ukione.

Nikafunika.

Nyumbani nilitoa daftari langu la zamu,
ukurasa wa mwisho ulikuwa bado mtupu.
Tarehe. Roli: ile ile. Mkaguzi: mimi.
Madoa: lote.
Kwenye safu ya uamuzi nikaandika neno
nililoandika mara elfu na moja
bila kulisikia:
imepita.