Bado Beseni

Saa tisa usiku, Soroti.
Jenereta inakohoa nyuma ya chumba cha upasuaji,
dizeli imebaki chini ya robo.
Mezani amelala Epiangu, mwalimu wa hesabu,
aliyeficha damu ya choo miaka miwili
kwa kuwa mwanamume, eti, hasemi habari za choo.

Uvimbe umeshatoka. Uko ndooni,
haufiki ngumi ya mtoto,
na ulikuwa unamla mtu mzima.
Utumbo wa juu umeshikana na wa chini,
nyuzi ishirini na mbili, nimezihesabu.
Daktari Okwalinga ananyoosha mgongo, mifupa inalia.
"Mshono mzuri," anasema. "Tufunge."

Na mshono ni mzuri kweli.

Lakini mimi ni binti wa Esaku,
fundi baiskeli, kona ya soko, mkabala na wauza samaki.
Baba hakuliamini jicho.
Jicho, alisema, huona linachokitamani.
Kiraka kikishakauka hakumrudishia mtu gurudumu lake:
aliijaza tyubu upepo, akaizamisha beseni,
akaizungusha taratibu
huku amenyamaza, kama anatafuta stesheni ya mbali redioni.
Maji hayana adabu.
Hayaulizi fundi ni nani, amesomea wapi, amechoka kiasi gani.
Penye tundu, yatasema.

"Daktari," nikasema, "bado beseni."

Akanitazama juu ya barakoa.
Nadhani alitaka kukasirika, akakosa nguvu.
"Mimina."

Nikamimina maji ya chumvi, vuguvugu,
nyonga ikajaa, mshono ukazama.
Akaubana utumbo kwa juu, vidole viwili.
Nami nikapiga magoti, nikaingia chini ya shuka za kijani
na mrija na bomba kubwa la sindano,
nikasukuma hewa kwa njia ile ile
ambayo Mwalimu hakutaka kuitaja.

Chini ya shuka huoni kitu.
Unaona viatu. Unasikia mashine ikipumua kwa niaba ya mtu.
Unasukuma, polepole, unangoja.

"Simama."

Kiputo kimoja.
Kidogo, waliniambia, kama punje ya ulezi,
kimepanda upande wa nyuma ambako jicho halifiki,
kikapasuka.
Kisha kingine.

Hakuna aliyesema neno.
Sote tulimkumbuka yule wa kitanda cha dirishani, Februari:
siku ya tano homa,
siku ya sita tumbo gumu kama ubao,
uchafu ukitembea mahali pasipo na njia.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga,
nao walikuwa wakifikiria nyumba.
Humu, usipoziba ufa, unachimba.

"Uzi," akasema Okwalinga. Sauti yake imebadilika.
Nyuzi tatu, upande wa nyuma.
"Rudia."

Nikarudi magotini. Nikasukuma.
Maji yakakaa kimya.
Nikasukuma tena, maana mimi ni binti wa Esaku.
Kimya.

Jenereta ilizimika tukiwa kwenye ngozi.
Tulimalizia kwa tochi za simu, Okwalinga akiimba puani
wimbo wa kanisani asioujua vizuri.

Sisemi kimya cha maji ni ahadi.
Baba naye alirudishiwa magurudumu aliyoyapima mwenyewe,
akayapokea bila kubisha, akachota maji upya.
Kwa hiyo siku ya kwanza nilimgusa Mwalimu tumbo mara nne,
ya pili mara tano,
ya tatu sikwenda nyumbani.

Siku ya nne, alfajiri, mkewe Amulen
akaja mbio meza ya wauguzi, kanga mdomoni,
machozi na kicheko vikigombania uso mmoja:
"Sista! Amejamba!"

Wodi nzima ikapiga makofi.
Mwalimu akageukia ukuta, masikio yamemwiva,
mabega yakitikisika kwa kitu ambacho, nilipokaribia,
hakikuwa kilio.

Nikafungua faili, nikaandika:
saa kumi na mbili na dakika ishirini,
hewa imepita.
Nikafikiri kidogo, nikaongeza,
ingawa fomu haina nafasi hiyo:
kwa njia yake.