Jina Kwenye Mita

Kila nikinunua umeme, Zakaria,
wewe ndiye unayeitika.
Tokeni, uniti, kodi,
na juu kabisa kwa herufi kubwa: ZAKARIA M. LUBIGISA.
Mwaka wa nne huu umelala Magu, upande wa mama yako,
na bado simu inanitumia wewe
saa tatu usiku, kwa shilingi elfu mbili.

Sikulibadili. Nani angelibadili?

Mtendaji wa mtaa alipita na karatasi zake.
Jiko la presha la umeme, alisema,
lile la kifuniko kinachojifunga kwa ukali.
Nusu ya bei ni ruzuku,
nusu wanakukata kidogo kidogo kila ununuapo uniti,
miezi kumi na minane, bila riba.
Huku Igogo juu ya mawe,
ambako hata maji hufika yakihema,
tulicheka. Cha bure kina mkia.
Budeba wa mkaa alicheka kutushinda,
mgongo kwenye magunia yake ya Sengerema.

Usiku nikachukua daftari la hesabu la Kwilasa,
nikaanzia kurasa za nyuma.
Kopo la mkaa, elfu moja mia tano.
Masika, elfu mbili, na nusu yake vumbi.
Siku ya maharage, makopo mawili.
Siku ya makande, usiulize.
Dawa ya kifua cha mtoto sikuiandika;
kalamu ilifika hapo ikasita yenyewe.
Nikajumlisha mara tatu nikitafuta kosa.
Kosa sikuliona.

Dirishani kijana akanirudishia fomu.
"Mita hii si yako, mama."
Ni ya mume wangu.
"Basi aje mwenyewe."
Nikamtazama tu, mpaka peni yake ikasimama.
Akasema kwa sauti ya chini: cheti cha kifo,
barua ya mtaa, picha mbili,
namba ya kitambulisho.

Karatasi za kukutoa ukutani, Zakaria.
Wewe uliyembebea fundi ngazi
toka barabarani hadi hapa, jiwe kwa jiwe,
ukafika goti linavuja damu,
ukawasha taa, ukazima, ukawasha,
mchana kweupe,
ukaniita nije nione.

Siku tisa fomu ililala chini ya godoro.
Siku ya kumi mvua ilitoka ziwani ikiwa imekasirika,
mkaa ukalowa,
Kwilasa akainamia jiko, akapuliza, akapuliza,
halafu akakohoa.
Kile kikohozi chako.
Chako hasa, kile cha Oktoba,
chenye mluzi mwishoni.

Nikasaini nimesimama, juu ya mtungi wa maji.

Sasa maharage ni dakika arobaini,
na mimi niko nje nasuka ukili kama mtu mwenye mfanyakazi.
Ukuta wa jikoni nimeusugua siku nzima;
chini ya masizi kulikuwa na rangi ya kijani
uliyoichagua wewe, nikabisha.
Nilikuwa nimeisahau.
Budeba amekuja juzi, giza limeshaingia,
akasalimia mno, akaulizia kuku, akaulizia shule,
kisha, akiangalia kandambili zake:
"Shemeji, ile fomu... mke wangu macho yanamtoka machozi."
Nikamwambia aanze na cheti cha nani mwenye mita.

Ujumbe wa kwanza uliniita NYAMIZI K. LUBIGISA.
Niliusoma mara mbili, nikadhani umekosea njia.
Uniti zilikuwa pungufu, makato yameanza.
Sikulalamika; nililiona jina lako la pili
limebaki pale nyuma yangu,
kama mtu anayeshika ngazi.

Ule wako wa mwisho sijaufuta.
Tokeni iliyokwisha tumika, haiwashi chochote.
Tarakimu ishirini.
Nimezikariri.