Sensa ya Kranki

Si ile ya kuhesabu watu. Hii yahesabu mizunguko,
na ikikosea hesabu, Karina ya Bi Chumu huzima
kila ipatapo moto, pale pale kwenye kilima cha Machomane,
ikagoma mpaka ipoe, kama mtoto aliyenuna.

"Iko nyuma ya injini, chini ya manifoldi," kasema Shaame.
"Mjapani kaificha hata yeye asiione."
Mkono wake haupiti. Wangu unapita, mpaka kiwiko.
Nimelala juu ya injini, shavu kwenye bati,
napapasa: paipu, waya, grisi,
kikonyo cha karafuu, kimefikaje huku?
bolti moja, namba kumi.

"Usiiangushe."
Nikaiangusha.
Ti. Ti.
Kisha kimya.

Tumeivua kwa sumaku ya spika mbovu.
Bi Chumu kaja kuuliza mara tatu;
ya nne kaleta chai, hakuuliza.

Sasa inawaka. Tunaiacha iungurume ipate moto,
sensa kuukuu mfukoni mwangu, nyepesi kama kokwa,
sote watatu macho kwenye sindano,
na hakuna anayetangulia kusema alhamdulillahi.